Anti, nikiulizwa kwanini niliacha kazi nasema nini? Nilifukuzwa

Anti shikamoo,

Naandika nikiwa kwenye daladala natoka mjini, nikifika nyumbani kuna watu sitaweza kuandika tena, kwahiyo nisamehe maneno yakiwa yamevurugika.

Mimi ni binti wa miaka 28, nakaa Mbagala kwa kaka yangu. Nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nimefanya pale miaka mitatu na kitu na sijawahi kuleta shoti ya maana, kuna siku hesabu ilizidi elfu mbili nikairudisha mwenyewe wakati hakuna hata aliyekuwa anajua.

Mwaka jana mwezi wa nne, Jumamosi jioni tunakaribia kufunga, akaja mteja mmoja mkaka amevaa vizuri tu anaongea kistaarabu, akachukua mabati 20 ya geji 30, jumla 480,000. Akasema analipa kwa lipa namba. Sasa simu ya lipa namba meneja alikuwa ametoka nayo, sisi pale kaunta hatukuwa na namna ya kuangalia kama hela imeingia. Tulizoea mteja anatuonyesha meseji kwenye simu yake, tunaandika namba ya muamala kwenye daftari, anapewa risiti anapakia. Ndo ilivyokuwa siku zote na meneja anajua. Yule kaka akanionyesha meseji, ina jina la duka, ina kiasi, ina namba ya muamala ndefu kabisa, nikaandika. Kirikuu yake ilikuwa imeshaingia uani, vijana wakapakia, akasema asante dada, akaondoka. Meneja karudi saa kumi na mbili na nusu, kaangalia simu, hakuna kitu. Anti miguu ilikufa ganzi nikakaa chini kwenye yale maboksi ya misumari.

Jumatatu nikaambiwa nikae nyumbani kwanza. Hakuna kikao nilichoitwa wala kuulizwa chochote. Baada ya wiki nikaitwa kuchukua barua, imeandikwa nimeachishwa kazi kwa uzembe uliosababisha hasara, na mshahara wangu wa mwezi ule wote 350,000 umekatwa. Sikubisha, nilisaini nikaondoka maana nilikuwa naona aibu hata kuwaangalia wenzangu.

Tangu hapo nimeitwa intavyuu mbili. Ya kwanza ilikuwa supamaketi, wakauliza kwanini niliacha kazi nikasema mkataba uliisha. Wiki ile ile meneja wangu wa zamani akanitumia meseji, "umewaambia watu mkataba wako uliisha?" Nilitamani ardhi ipasuke. Ya pili ilikuwa famasi, nikasema hii safari nasema ukweli wote, nikaanza mwanzo, meneja alivyoondoka na simu, alivyokuwa ananichukia toka zamani, walivyonikata mshahara, nikaishia kulia, mama mmoja akanipa tishu na ndo ikawa basi.

Sasa nimeitwa tena Alhamisi, duka kubwa la vifaa vya umeme Kariakoo, nafasi ya keshia. Rafiki yangu anasema toa ile kazi kwenye CV sema ulikuwa na biashara yako. Kaka anasema niseme nilikuwa naumwa. Mama yuko Korogwe anasema tuombe Mungu nisiulizwe. Miezi 11 sina kazi Anti, asubuhi nauza maandazi hapa mtaani. Nikisema uongo nakamatwa, nikisema ukweli nalia. Niseme nini?

Keshia wa Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika hapo kwenye maboksi ya misumari nasimama. Pole sana. Mtu aliyekaa kaunta miaka mitatu bila shoti halafu ndani ya dakika kumi anatolewa na meseji feki, hilo linauma na lina haki ya kuuma.

Ila Alhamisi iko karibu kwahiyo ngoja tuingie kazini. Mimi kabla ya kuanza kujibu barua zenu nilikaa miaka tisa upande wa pili wa hiyo meza, naajiri makeshia na watu wa stoo, nakwambia nilichokiona mwenyewe.

Kitu cha kwanza ujue, keshia akisita kwenye swali la kwanini uliacha kazi, sisi wa upande ule kichwani linakuja neno moja tu, wizi. Hatuwazi meseji feki, hatuwazi meneja alitoka na simu. Mtu wa stoo akisita tunawaza labda aligombana na bosi, dereva akisita tunawaza pombe au ajali, keshia akisita tunawaza droo. Si haki lakini ndo ilivyo. Wewe unaficha kosa la uzembe wa siku moja, na kwa kuficha unatufanya tuwaze kosa kubwa zaidi ambalo hukulifanya kabisa. Ndo maana mimi kwa kesi yako nasema sema, tena sema mapema na kwa maneno machache, kwa sababu ukweli wako ni mdogo kuliko tutakachokuwa tunakiwaza ukinyamaza.

Uongo umeshauonja mwenyewe, sina haja ya kuhubiri, ila nikupe kisa kimoja. Kuna dada alikuja kwetu, CV nzuri, anajua kazi, mahesabu anayapiga kichwani bila kikokotoo. Tukamuuliza kwanini uliacha kule, akasema duka lilifungwa. Tukamwambia subiri pale nje kwenye benchi. Mwenzangu akachukua simu akapiga namba ya lile duka iliyokuwa kwenye risiti za zamani, ikapokelewa palepale, "karibu, tupo wazi mpaka saa mbili usiku." Dada wa watu yuko nje kwenye benchi ameshika bahasha yake mapajani, ananitazama kupitia kioo na kutabasamu. Sikuweza hata kutabasamu. Kwanini aliondoka kule mpaka leo sijui, labda kilikuwa kitu kidogo tu kama chako. Kazi aliikosa kwa uongo alioutoa pale kwenye kiti chetu.

Kwahiyo ya rafiki yako hapana. Ukiitoa ile kazi kwenye CV umetupa miaka mitatu ya droo safi, na hiyo ndo mali yako kubwa, bila hiyo unabaki binti wa miaka 28 anayesema anajua kazi bila pa kuonyesha. Na watu wa maduka wanajuana jamani, Kariakoo kule anayeuza nyaya ananunua mabati kwa mwenzake na wanapigiana simu kila siku. Ya kaka yako pia hapana, utaulizwa uliumwa nini, sasa hivi umepona kweli, na ukishaanza kutunga ugonjwa itabidi uendelee nao hata ukiajiriwa. Mama yeye mwache aombe, maombi hayazuii mtu kujiandaa.

Sasa famasi. Kule hukukosea kusema ukweli, ulikosea kuumwaga wote. Waliuliza swali moja ukawapa kesi nzima, na ndani yake kuna meneja ananichukia, wamenikata mshahara, na machozi juu. Mtu anayesikiliza hawezi kupima nani ana haki, hakuwepo, anachokiona ni kwamba kesho na keshokutwa na yeye atasemwa hivyohivyo kwa watu wengine. Maumivu yako ni ya kweli, yalete kwangu, yapeleke kwa mama, ila mezani pale peleka mambo manne matano tu.

Mimi ningesema hivi. Isome kwa sauti, halafu ibadilishe ikae kwenye mdomo wako:

"Niliachishwa kazi mwezi wa nne mwaka jana. Haikuwa wizi, barua yangu ninayo hapa inasema ni uzembe. Mteja alinionyesha meseji ya malipo ya 480,000 kwenye simu yake, ilikuwa feki, na mimi nikaruhusu mzigo utoke kabla ya kuhakikisha hela imeingia. Simu ya lipa namba haikuwepo kaunta, nilitakiwa nisubiri na sikusubiri. Nimejifunza, mzigo hautatoka tena kwangu mpaka nimeona hela kwa macho yangu upande wa duka. Kabla ya hapo nilikaa kwenye droo ile miaka mitatu bila shoti ya maana."

Hapo nyamaza. Yaani funga mdomo kabisa, hata wao wakinyamaza. Hiyo ni chini ya dakika moja. Ule ukimya ndo utakaotaka kukuingiza kwenye "halafu unajua meneja mwenyewe...", usiingie.

Angalia kitu kimoja kwenye hayo maneno. Nimesema "simu ya lipa namba haikuwepo kaunta", sijasema "meneja aliondoka nayo". Ni ukweli uleule. Mfanyabiashara yeyote akisikia simu haikuwepo kaunta atajua mwenyewe kuna mtu alikuwa nayo na utaratibu ulikuwa mbovu, hana haja ya kuambiwa na wewe, na akigundua mwenyewe kwamba una pa kumlaumu mtu na hujamlaumu, hilo atalikumbuka. Na "nilitakiwa nisubiri na sikusubiri" usiiruke hata ikikukwama kooni. Najua mlizoea vile, najua meneja alijua. Lakini mkono uliosema pakia ulikuwa wako, na bosi mpya anachotaka kujua ni kama unaiona sehemu yako.

Swali litakalofuata karibu kwa uhakika ni, sasa hapa kwetu ikitokea utafanyaje? Hapa ndo uwanja wako mwanangu, hapa ndo unaongea kwa raha. Waambie simu ya mteja huiangalii kabisa, hata akikuwekea usoni, unaangalia simu ya duka au salio la duka. Waambie meseji za kitapeli zinatumwa na namba ya kawaida ya mtu wakati ya kweli inakuja kwa jina la mtandao wenyewe, na wengine hawatumi meseji hata, wanaihariri tu ile ya zamani wakabadilisha kiasi na saa, ndo maana simu ya mteja si ushahidi wa kitu. Waambie matapeli wanapenda jioni ya kufunga, wanapenda siku ambayo watu ni wengi, wanapenda gari liwe limeshaanza kupakiwa ili uone aibu kulisimamisha. Yote haya unayajua kwa bei ya 480,000 na mshahara wa mwezi, wenzako kwenye foleni ile ya Alhamisi wengi hawayajui. Halafu wewe ndo uwaulize, kwa adabu, "samahani, hapa simu ya lipa namba inakaa na nani muda wa kufunga?" Kama wanajua biashara yao wataona hapo hapo kwamba wanaongea na mtu atakayewalindia hela. Na kama jibu ni kwamba bosi anatembea nayo, basi na wewe umejua unaingia wapi.

Machozi. Machozi yanakuja kwa sababu hicho kisa hujakisema kwa sauti mara za kutosha, kila ukikisema ni kama kinatokea upya. Leo usiku mwombe kaka akae mbele yako akuulize lile swali, ujibu, akuulize tena, ujibu. Mara mbili tatu za kwanza sauti itatetemeka, endelea, ikifika ya kumi itakuwa ni habari tu kama habari nyingine. Jirekodi kwenye simu usikilize, utajisikia pale unapoanza kukimbiza maneno. Asubuhi ukiwa unakanda unga sema peke yako. Na ikitokea Alhamisi koo limekaza, omba maji, kunywa taratibu, sema samahani, endelea ulipoishia. Hakuna atakayekunyima kazi kwa glasi ya maji.

Kama utapewa fomu ya kujaza na kuna sehemu ya sababu ya kuacha kazi, andika "niliachishwa, nitaeleza", basi. Usiandike hadithi kwenye fomu. Na kama hawakuuliza kabisa wala fomu haina hiyo sehemu, usilianzishe mwenyewe wakati wanakuuliza unatokea wapi, ila kabla hujasaini mkataba mwambie bosi, maana ni bora alisikie kwako kuliko kwa meneja wako anayejua kutuma meseji.

Huyo meneja nenda kamuone. Ndiyo, najua. Jumanne nenda, vaa vizuri, msalimie, usizungumzie mabati. Una sababu ya kwenda, unafuata cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe hicho cheti ajira inapokwisha, na haijalishi iliishaje, hata aliyefukuzwa anapewa. Ukishakuwa mbele yake muulize kwa upole, "naenda kwenye usaili, nitawaambia ukweli kwamba niliachishwa kwa ile hasara, wakikupigia utawaambia nini?" Watu wengi wakiulizwa hivyo ana kwa ana wanalegea, na akishajua hutamdanganyia jina lake hana tena cha kukukamatia. Mtafute pia mtu mwingine aliyewahi kukusimamia pale, awe stoo, awe mhasibu, hata kama ameshahama, mpigie kabla hujaandika namba yake, asije akapigiwa akiwa kwenye bodaboda hajui anaulizwa nini.

Sasa kuna hili ambalo limenikera kuliko yote kwenye barua yako na hukuliuliza. Hukuitwa kikao. Sheria yetu inataka vyote viwili, sababu ya haki na utaratibu wa haki. Kanuni za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi aambiwe tuhuma, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida hautakiwi kuwa chini ya saa 48, aje na mwenzake wa kumsaidia, ajieleze. Na makato ya hasara, lazima upewe kwanza nafasi ya kujieleza, na hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara. Wewe umekatwa wote. Pa kupeleka ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa upelekwe ndani ya siku 30 na madai mengine ndani ya siku 60, wewe una miezi 11. Sikufichi, umechelewa sana. Kuna kuomba kuongezewa muda na unatakiwa ueleze kwanini ulichelewa muda wote huo, na "sikujua sheria" peke yake huwa haipiti. Ukitaka kujaribu nenda ofisi yao ukaulize mwenyewe, au watu wa msaada wa kisheria. Wewe unayesoma hapa na umefukuzwa wiki iliyopita, tafadhali hesabu siku zako leo. Lakini mwanangu, hayo yote yabaki nje ya chumba cha Alhamisi. Ukiulizwa utajibu, usipoulizwa usiyataje.

Maandazi nayo usiyaonee haya. Wakiuliza miezi 11 ulikuwa unafanya nini, sema nauza maandazi asubuhi, naamka saa kumi, nanunua unga kwa mfuko, nimejua faida yangu kwa siku ni kiasi gani. Hesabu unaziandika? Kama huandiki anza leo, daftari dogo, unga, mafuta, sukari, mkaa, mauzo, kilichobaki. Utakuwa na kurasa chache tu mpaka Alhamisi lakini ziwe za kweli.

Wapo watakaosikia neno niliachishwa na kukufungia mlango hapo hapo, siwezi kukuahidi hawa wa Kariakoo si miongoni mwao. Ila ukitoka mle ndani hutasubiri simu huku unaogopa meseji ya meneja.

Weka barua na cheti kwenye bahasha moja, barua juu, usianze kupekua mbele yao. Ukitoka niandikie, hata mstari mmoja, hata ukiwa kwenye daladala.

Anti